Shamba la Shule Halitoshi: Wanafunzi wa Sekondari Msingi na Hesabu ya Njaa

Kati ya Desemba na Januari, ukishika barabara ya kutoka Malindi kwenda Marafa, pwani ya Kenya, utaona embe zimelala chini ya miti kama hazina mwenyewe. Ngowe na boribo zimeiva kwa mpigo, wanunuzi ni wachache, na anayekuja na lori ndiye anayepanga bei. Zinazobaki huliwa na mbuzi, nyingine zinaozea papo hapo. Sasa weka takwimu moja kando ya embe hizo: utafiti wa kitaifa wa afya na idadi ya watu wa mwaka 2022 ulikuta kwamba katika Kaunti ya Kilifi, watoto 37 kati ya kila 100 walio chini ya miaka mitano wamedumaa. Kitaifa ni 18. Hakuna kaunti nyingine iliyoipita Kilifi, na hii ni kaunti yenye bahari, minazi, mihogo na hizo embe.

Mwulize mtu mzima sababu, atakwambia "ukame" au "umaskini", kisha aendelee na shughuli zake. Majibu yote mawili ni ya kweli, ila hayamwonyeshi mtu pa kuanzia. Swali kama hili lataka watu wenye muda wa kulichokonoa na wasioona haya kuuliza tena, na mimi sioni wanaofaa zaidi ya wanafunzi wa Gredi ya 7, 8 na 9.

Hawa ndio wa sekondari msingi, daraja lililozaliwa Januari 2023 wakati wanafunzi wa kwanza wa mtaala wa umilisi walipoingia Gredi ya 7. Baada ya mjadala mrefu, serikali iliamua wabaki katika viwanja vya shule za msingi badala ya kupelekwa kwenye sekondari. Mwaka 2024 masomo yao yalipopunguzwa hadi tisa, Kilimo kiliunganishwa na Sayansikimu kikawa somo moja: Kilimo na Lishe. Waliounganisha walikuwa wanapunguza mzigo, sidhani kama walikuwa na falsafa yoyote kubwa kichwani. Lakini bahati ikaangukia mahali pazuri, kwa sababu jembe na sufuria sasa viko katika kipindi kimoja mbele ya mwalimu mmoja, na njaa huwezi kuielewa ukiwa na kimoja tu kati ya hivyo.

Kwa muda mrefu wakubwa wa dunia walidhani njaa ni hesabu ya magunia: chakula kikiwa kingi nchini, watu watashiba. Aliyeivunja dhana hiyo kwa ushahidi ni mchumi Amartya Sen, ambaye akiwa mtoto wa miaka 9 aliiona kwa macho yake njaa ya Bengal ya mwaka 1943. Alipokuja kuichunguza akiwa mtu mzima, alionyesha kwamba chakula kilikuwepo. Kilichokosekana ni uwezo wa vibarua, wavuvi na mafundi wadogo kukinunua, maana bei zilipaa na ujira wao ukabaki chini. Mwaka 1996, kwenye mkutano mkuu wa chakula duniani uliofanyika Roma, mataifa yalikubaliana juu ya maana pana zaidi, ambayo leo hufundishwa kama nguzo nne. Chakula kiwepo. Watu waweze kukipata, kwa kukilima au kukinunua. Mwili uweze kukitumia, jambo linalogusa usafi, maji, mapishi na mchanganyiko wa vyakula. Na hayo yote matatu yadumu mwaka mzima, yasiwe ya msimu.

Rudi Kilifi ukiwa na nguzo hizo, utaona embe za Marafa zinaangusha ngapi. Zipo, lakini kwa wiki chache tu. Zingeuzwa, zingeleta pesa ya maharagwe, ila hazina soko la maana. Na hata mtoto akila embe tano kwa siku, embe haina protini ya kumjenga. Kuhusu kudumaa kuna jambo ambalo wengi hawalijui: huko hutokea hasa katika siku 1,000 za mwanzo, tangu mimba kutungwa hadi mtoto anapotimiza miaka miwili. Chakula cha mchana cha Gredi ya 8, hata kiwe kizuri vipi, hakitarudisha urefu uliopotea mtu akiwa na miezi kumi. Kitafanya kazi nyingine muhimu, ya kumweka darasani akiwa na akili iliyotulia. Ila mwanafunzi huyohuyo ana mdogo wake nyumbani anayekorogewa uji mweupe wa mahindi matupu, na hapo ndipo alichojifunza kuhusu kuongeza karanga, kunde au dagaa waliosagwa kinaweza kuwahi siku ambazo bado hazijapita.

Kuna zoezi jepesi la kuanzia. Wataalamu wa lishe huvigawa vyakula katika makundi kumi: nafaka na mizizi ni kundi moja, kunde na maharagwe jingine, karanga na mbegu jingine, kisha maziwa, nyama na samaki, mayai, mboga za majani ya kijani, na kadhalika. Mwanamke aliyekula kutoka angalau makundi matano kwa siku moja anahesabiwa kuwa na nafasi nzuri zaidi ya kupata madini na vitamini anazohitaji. Mwanafunzi akae na mama yake jioni, amwombe amwambie kila alichotia kinywani jana, tangu asubuhi hadi usiku, aandike. Chai ya rangi haina kundi. Sima ina moja. Sima na mchicha, mawili. Mara nyingi orodha ya mama ni fupi kuliko ya watoto wake, na mwanafunzi hulijua hilo siku ya kwanza anapoliona kwenye karatasi kwa mwandiko wake mwenyewe.

Zoezi la pili ni zito zaidi na lataka mwalimu mwenye busara. Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, FAO, lina maswali manane ya kupimia ukosefu wa uhakika wa chakula, yanayotumika duniani kote. Hayaulizi mtu ana gunia ngapi. Yanauliza kama, kwa sababu ya kukosa pesa au namna nyingine, kuna wakati alipata wasiwasi kwamba chakula hakitatosha. Kama alishindwa kula chakula bora. Kama alikula vyakula vya aina chache tu. Kama aliruka mlo. Kama alikula kidogo kuliko alivyohitaji. Kama nyumba iliishiwa kabisa. Kama alihisi njaa asile. Kama alishinda siku nzima bila kula. Kila "ndiyo" ni alama moja.

Tazama lile la kwanza. Kipimo kinaanza na wasiwasi, kwa sababu familia huingia kwenye matatizo kitambo kabla tumbo halijawa tupu. Mtoto anayekula kila siku lakini anamsikia baba akihesabu sarafu usiku amekwisha kufikiwa. Wanafunzi wengi hushangaa kugundua kwamba wao wenyewe wamo katika hesabu, na kwamba njaa si ya watu wa Turkana peke yao kwenye taarifa ya habari.

Kwa hiyo maswali haya yasijibiwe kwa kunyoosha mikono. Karatasi isiyo na jina, kalamu ya rangi moja kwa wote, boksi lililotobolewa juu, na mwalimu anayesoma jumla tu. Nimewahi kumwona mwalimu mmoja akiwaita mbele "wale ambao hawakunywa chai leo" ili wapewe msaada. Nia yake ilikuwa njema, ila walionyanyuka ni wachache mno, na walionyanyuka walichekwa hadi muhula ukaisha.

Sasa kwenye shamba, maana ndiko kila mtu anakokimbilia. Ukitaja njaa mbele ya kamati ya shule, hazipiti dakika tano kabla mtu hajasema, "Tuanzishe shamba la shule." Wazo hili lina historia ndefu kwetu. Huku Kenya klabu za 4K, yaani Kuungana, Kufanya, Kusaidia Kenya, zilikuwepo tangu miaka ya 1960, zikafifia, zikazinduliwa upya mwaka 2021. Tanzania, Mwalimu Nyerere alitangaza Elimu ya Kujitegemea mwaka 1967, na shule zikatakiwa ziwe na mashamba yake. Waliosoma enzi hizo watakusimulia mazuri yake, kisha watakukumbusha pia kwamba jembe liligeuka kuwa adhabu ya wachelewaji. Mtoto aliyelimishwa kwa kuadhibiwa hutoka shuleni akiichukia ardhi.

Lakini hebu tupige hesabu, na hii ni hesabu ambayo Gredi ya 8 inaimudu bila kikokotoo. Mgao uliozoeleka katika mpango wa mlo wa shule za umma Kenya ni gramu 150 za nafaka, gramu 40 za kunde au maharagwe na gramu 5 za mafuta kwa mtoto mmoja kwa siku. Shule ya watoto 400 itahitaji kilo 60 za mahindi na kilo 16 za maharagwe kila siku ya masomo. Chukua siku 180 kwa mwaka: mahindi peke yake ni kilo 10,800, sawa na magunia 120 ya kilo 90. Ekari moja ikitoa magunia kumi, ambayo kwa mkulima wa Ganze, sehemu kame ya Kilifi, asiye na mbolea wala mvua ya uhakika ni mavuno ya kujivunia, shule itahitaji ekari 12. Uwanja kamili wa mpira haufiki ekari mbili. Na hatujagusa maharagwe.

Kwa hiyo shamba la shule halilishi shule. Tuliseme hivyo waziwazi, ili watoto wasije wakabebeshwa lawama ya sufuria tupu. Linachoweza ni kuongeza kitu kwenye githeri, ule mchanganyiko wa mahindi na maharagwe, ambacho mgao hauna, yaani mboga za majani: mchicha, kunde, managu, sukuma wiki. Na hapo eneo dogo linatosha, hata pasipo na ardhi. Kibera, Nairobi, watu wamelima kwenye magunia miaka mingi, na ufundi wake ni rahisi. Unasimamisha gunia, unaweka katikati mkebe uliokatwa juu na chini, unaujaza kokoto, kisha unamwaga udongo uliochanganywa na samadi kuuzunguka. Udongo ukifika ukingoni mwa mkebe unauvuta juu, unajaza tena, hadi gunia lijae na kokoto zibaki kama nguzo ndani yake. Maji yakimwagwa juu hushuka kupitia kokoto na kufika chini badala ya kuishia juujuu. Ubavuni unatoboa matundu na kuchomeka miche. Maji yaliyonawiwa mikono kabla ya chakula, yasiyo na sabuni nyingi, yanatosha kabisa. Tahadhari ni udongo: usichukuliwe kando ya gereji wala jaa, kwa maana mboga hunyonya na yasiyotakiwa.

Ninavyoona mimi, somo lenye faida kubwa kuliko shamba ni la ghala, ingawa halipigwi picha na wageni. Mwaka 2004 watu 317 waliugua na 125 wakafa mashariki mwa Kenya, wengi wao Makueni na Kitui, kwa kula mahindi yao wenyewe. Yalivunwa na kuhifadhiwa yakiwa na unyevu, yakashika ukungu unaotoa sumu ya aflatoksini. Sumu hiyo haionekani wala haitoweki kwa kuchemshwa, na ikiliwa kidogo kidogo kwa miaka huharibu ini. Hiyo ndiyo nguzo ya tatu: chakula kipo, ni chako, na kinakuua.

Kipimo cha unyevu kinaweza kufanywa darasani kwa chupa ya kioo na chumvi. Chupa iwe imekauka kabisa, na chumvi vilevile, ikibidi ianikwe juani kwanza. Jaza mahindi hadi theluthi ya chupa, weka vijiko viwili au vitatu vya chumvi, funga, tikisa kwa dakika mbili tatu, kisha iache itulie robo saa. Chumvi ikiganda kwenye kuta za kioo, mahindi bado yana unyevu zaidi ya asilimia 15, yarudi juani, tena juu ya turubai, yasianikwe juu ya udongo mtupu. Chumvi ikianguka yote chini, yamekaribia kuwa salama, japo ghalani yanatakiwa yashuke hadi asilimia 13 na nusu hivi. Mpe kila mwanafunzi wa Gredi ya 7 kazi ya kupima mahindi ya nyumbani kwao wakati wa mavuno, na umefikia nyumba ambazo hakuna bwana shamba atazifikia mwaka huo.

Bei nayo ina somo lake. Familia nyingi huuza mahindi mara tu baada ya kuvuna, bei ikiwa chini, kwa sababu karo, deni la duka na sare havingoji. Miezi mitano baadaye familia hiyohiyo inanunua mahindi kwa gorogoro, ule mkebe wa kupimia nafaka sokoni, na bei imepanda. Darasa linaweza kulifuatilia hili kwa daftari moja: kila Jumatatu mwanafunzi mmoja anauliza sokoni bei ya gorogoro la mahindi, la maharagwe, na pakiti ya unga ya kilo mbili. Mwisho wa mwaka wanachora grafu. Julai 2022 pakiti hiyo ya unga ilipita shilingi 200, serikali ikaingilia kwa ruzuku na kuagiza iuzwe 100 wakati uchaguzi ukikaribia. Wanafunzi wenye daftari lao wenyewe huanza kuuliza maswali mazuri kuhusu ruzuku: ilimfikia nani, ilidumu muda gani, na kwa nini duka la kijijini kwao halikuwa na pakiti hata moja.

Maana hatimaye swali la mlo wa shule ni la nani anayelipa. Shirika la Mpango wa Chakula Duniani lilianza kulisha shule za Kenya mwaka 1980. Mwaka 2009 serikali ilianzisha mpango wake wa kununua chakula kwa wakulima wa nchini, na kufikia 2018 shirika hilo lilikuwa limeikabidhi kazi yote. Mpango huo hulenga kaunti kame na mitaa ya mabanda ya Nairobi. Serikali inaleta chakula au pesa, jamii inatoa kuni, maji, chumvi na mpishi. Ndiyo maana katika shule nyingi za ukame utawaona watoto asubuhi wamebeba ukuni mmoja na kidumu cha maji pamoja na vitabu. Hiyo ndiyo sehemu yao ya bei.

Nairobi imechukua njia nyingine tangu mwaka 2023 kupitia mpango wa Dishi na County, ambapo kaunti inashirikiana na Food4Education, shirika lililoanzishwa na Wawira Njiru huko Ruiru mwaka 2012. Chakula hupikwa katika majiko makubwa ya pamoja na kusafirishwa shuleni. Mzazi anachangia shilingi 5 kwa sahani, analipa kwa simu, na mtoto anagusisha bangili ya mkononi kwenye mashine anapopokea chakula. Mimi hiyo bangili naipenda kuliko jiko lenyewe. Kwenye foleni hakuna pesa inayoonekana, basi hakuna anayejua nani kalipiwa na nani amesaidiwa.

Kilifi, au kaunti nyingine yoyote, haiwezi kuiga hivihivi tu. Jedwali la Nne la Katiba limezipa kaunti chekechea, na shule za msingi na sekondari likaziacha kwa serikali ya kitaifa. Kwa hiyo katika kiwanja kimoja, mtoto wa chekechea anaweza kupewa uji na kaunti huku dada yake wa Gredi ya 7, madarasa matatu kando, akisubiri lori kutoka Nairobi. Kaunti ikitaka kumlisha dada huyo lazima kuwe na makubaliano. Si jambo lisilowezekana, kwani Nairobi imelifanya, ila linahitaji mtu wa kulidai.

Na Katiba hiyohiyo inasema, Ibara ya 43, kwamba kila mtu ana haki ya kutokuwa na njaa na kupata chakula cha kutosha chenye ubora. Ibara ya 53 inamtaja mtoto kwa lishe ya msingi. Wanafunzi wa Gredi ya 9 husoma habari za haki na wajibu katika Masomo ya Jamii, ila mara nyingi mambo huishia kwenye mtihani. Wakati wana kila kitu mkononi: daftari la bei za gorogoro, jumla ya yale maswali manane yasiyo na majina, matokeo ya chupa za chumvi, na ile hesabu ya ekari 12 inayoonyesha kwamba shamba lao halitoshi. Ibara ya 119 inampa kila mtu haki ya kuwasilisha ombi Bungeni, na haikutaja umri. Ombi linaweza kuandikwa kwa mkono, kwa Kiswahili au Kiingereza, kwa lugha ya heshima, likawasilishwa kwa Karani wa Bunge la Taifa au wa Seneti. Kurasa mbili zinatosha, na jedwali la bei liwekwe kwenye ukurasa wa kwanza.